Kola ya Dada Mkubwa

4 Februari

Mdogo wangu Sindano,

Salamu kutoka ghorofa ya tatu, chumba cha mwisho, karibu na bomba linalovuja. Mimi mzima, ila mafua hayajanitoka tangu mwaka uanze. Natumaini wewe hujambo na ulimi wako haujambo, maana hilo jina hukupewa bure. Mama namsalimu sana. Macho yake yakoje sasa? Na tafadhali msomee barua hii yote, usimsomee nusu kama ile ya Novemba. Nakujua.

Habari za hapa ni kelele. Chini yangu kuna mtu anauza redio, na anazijaribu zote kwa pamoja. Upande wa kulia wanaishi mume na mke wanaogombana kila siku, mpaka najua zamu ni ya nani. Upande wa kushoto kulikuwa na jirani ambaye sikuwahi kuiona sura yake, nilikuwa nakijua kikohozi chake tu. Juzi kikohozi kilinyamaza siku tatu, nikaingiwa na wasiwasi, nikaenda kugonga. Akafungua mtu mwingine kabisa. Yule wa kikohozi alikuwa amehama, na hakuna aliyemwona akihama.

Nikarudi chumbani nikakaa kitandani nikakiwaza chumba chetu cha mbele. Cherehani mbili za mama, wewe uko pale dirishani, mwanga umekuangukia mikononi, na kila anayepita anakuita na kukuuliza umeamkaje. Sitakuficha, roho iliniuma. Umekaa hapo miaka yote na hujui hata una nini.

Nataka kurudi, mdogo wangu. Sisemi kutembea, nasema kurudi. Wateja wa hapa kiwandani wamenichosha, leo gauni la bibi arusi huyu, kesho la yule, kila mmoja na madaha yake. Ile cherehani ya pili bado inafanya kazi? Na kile kiti changu cha dirishani, kipo? Zungumza na mama uniandikie mapema.

Dada yako Mkubwa


19 Machi

Shikamoo dada,

Barua yako nimeipata kwa kuchelewa, posta ya hapa unaijua. Sisi wazima. Mama haumwi popote isipokuwa macho, sasa anaona vivuli tu, lakini usidhani ameacha kazi. Anakaa mlangoni, anapapasa kila nguo inayotoka humu ndani, na vidole vyake havisamehe. Jana alinirudishia suruali ya mwalimu mkuu mara mbili kwa sababu ya mshono mmoja wa mfukoni, na mwalimu mkuu mwenyewe amesimama hapo anasubiri na taulo kiunoni.

Sasa dada, wewe unautaka utulivu wa huku. Ngoja nikuonjeshe. Nikinunua nyanya mbili badala ya nne, kabla sijafika nyumbani mama ameshaulizwa kama naumwa. Jino liliniuma tarehe tatu, daktari wa meno huja mwisho wa mwezi, nikashona mashati ishirini na shavu limevimba kama puto. Umeme huwa unakuja kututembelea tu. Gari linafika Jumanne na Ijumaa, likiharibika tunaambiana habari zilezile wiki nzima. Dukani kimeletwa kitambaa cha aina moja, buluu ya vidoti, basi mji mzima tumevaa buluu ya vidoti, tukikutana msibani tunaonekana wanafunzi wa shule moja. Na hakuna mahali pa kulia. Ukitoka na macho mekundu, jioni nyumba imejaa watu wamekuja kukupa pole, na inabidi uwapikie.

Wewe una taa barabarani. Una maduka yenye vioo, una watu wasiokujua, unaweza kuvaa unavyotaka ukaenda unakotaka. Na una kazi ambayo mama anaitaja kwa kila mteja. Mtu akija kuchukua sketi yake, mama anashika pindo, halafu anasema, “Si mbaya. Lakini mkubwa wangu angeimaliza vingine.” Si mbaya! Miaka kumi na miwili nimeinama juu ya cherehani hii, dada, na bado mimi ni si mbaya.

Basi, nina habari. Naolewa. Ni yule karani wa posta, yule mrefu anayelamba stempu kwa heshima zote. Kwa hiyo usiandike mambo yako nyuma ya bahasha, mwenzangu anayasoma. Arusi ni Jumamosi ya kwanza ya Agosti.

Na gauni unashona wewe. Usinilaumu mimi, ndiyo kanuni ya mama: fundi hajishonei gauni lake la arusi, anashonewa na fundi wa damu yake. Yeye alishonewa na dada yake, na dada yake alishonewa na yeye. Nilimwambia naweza, tena vizuri. Akanijibu, “Najua unaweza. Lakini mkubwa yupo.” Vipimo nimeandika nyuma ya karatasi hii. Nataka kola ya kusimama.

Kuhusu kile kiti, tutazungumza.

Sindano


30 Aprili

Mdogo wangu,

Hongera! Nimeisoma habari ya arusi nikiwa kwenye foleni ya maji, nikacheka peke yangu mpaka ndoo yangu ikarukwa zamu. Karani wa posta namkumbuka, alikuwa na masikio makubwa na adabu. Mpe salamu, mwambie namwonea huruma na nampa pole mapema.

Kisha nilipoipandisha ndoo juu, kicheko kikaisha. Nikawaza, hata huyu. Mdogo wangu ana mama, ana dirisha, na sasa ana mume. Mimi anayenijua ni mlinzi wa getini kiwandani, naye ananiita Arobaini na Moja, kwa sababu ndiyo namba ya kitambulisho changu. Usinione mbaya. Nakutakia heri kwa moyo wote, lakini moyo huohuo unanichoma.

Unasema huko hakuna mahali pa kulia. Hapa mahali ni pengi mno. Mwezi wa pili nililia kituo cha basi mchana kweupe, na mtu pekee aliyeniambia neno aliniomba nisogee kwa sababu nimeziba njia. Ningefurahi sana kuwapikia watu waliokuja kunipa pole. Jino lako lilisubiri mwezi, sawa, lakini nani alikukandia shavu? Na hiyo buluu yenu ya vidoti, angalau mlikuwa mnajuana mkivaa.

Sasa kuhusu gauni. Hivi mama hawezi kulegeza kanuni safari hii? Kiwandani tuna kazi nyingi, zamu zimeongezwa. Yule mama mshonaji wa karibu na kisima bado yupo? Alikuwa na mkono mzuri. Au jishonee tu kimyakimya, useme nimeleta mimi. Sikatai. Nauliza tu.

Na kiti? “Tutazungumza” ni jibu analopewa mtu anayekuja kuomba kazi. Kama hutaki nirudi, niambie.

Dada


25 Mei

Shikamoo dada,

Mama mzima, anakusalimu. Karani mzima.

Nilimsomea mama barua yako ya Februari, yote, kama ulivyotaka. Aliposikia unataka kurudi aliinuka mwenyewe, akapapasa ukuta mpaka kwenye cherehani yangu, akaisukuma. Aliisukuma kwa nyonga, dada, mwanamke wa miaka sabini na moja, mpaka ikafika pembeni, kule karibu na kabati. Dirisha likabaki wazi. Akakifuta kiti chako kwa kanga yake, akasema, “Akija akute pako tayari.”

Kwa hiyo sasa nashona kwa taa mchana, umeme ukikatika nakaa. Wateja wanaingia, wanaona kiti kitupu dirishani, wanauliza, “Eti Mkubwa anarudi? Kweli?” Na wanachekelea! Mke wa mwalimu mkuu amenyang’anya kitambaa chake kutoka mezani kwangu. Amesema hakina haraka, atakusubiri.

Umeniambia niseme kama sitaki. Sitaki. Ulipoondoka ulikuwa na miaka ishirini na mbili, ukaniachia mama, wateja, na sifa zako zote zimening’inia ukutani. Nimeshona chini yake miaka kumi na miwili. Ukirudi, kabla hujakalia hicho kiti mimi nitakuwa nimeshakuwa msaidizi wako wa kukata nyuzi. Kaa huko kwenye taa zako.

Lakini gauni shona. Mama ameshawaambia watu wote, na yule mshonaji wa kisimani alikufa mwaka juzi, nilikuandikia.

Sindano


9 Julai

Mdogo wangu,

Gauni ndilo hili. Nimelishona kwa mikono yangu yote miwili. Nimelikunja na karatasi laini katikati lisipate makunyanzi. Usiligeuzegeuze, kitambaa ni chepesi kinaweza kuchanika. Livae tu.

Ruhusa nimenyimwa, sitaweza kuja. Mwambie mama asilie.

Nawatakia kila la heri. Ningependa kukuona.

Dada


22 Agosti

Shikamoo dada,

Nimeolewa, sasa nakuandikia nikiwa mke wa mtu. Arusi ilikwenda vizuri. Mvua ilitishia ikaondoka. Karani alisahau maneno yote aliyofundishwa, akasema “ndiyo” mara tatu pasipohusika, watu wakavunjika mbavu. Mama alivaa ile buluu ya vidoti na alikaa mbele.

Sasa tuzungumze habari ya gauni.

Uliniandikia nisiligeuze. Dada, wewe wa kumwambia fundi asigeuze nguo? Nililigeuza mchana uleule, mlango nimeufunga, mama amelala. Uzi wa mikono si uzi wa kifua. Bega la kulia limeshonwa na mtu mwenye haraka, la kushoto na mtu mwenye usingizi. Pindo ni la mwingine. Shingoni kuna nyuzi nne zimekatwa, pale ilipokuwa lebo. Nilihesabu mikono ya watu saba kwenye gauni moja. Na kiuno kilikuwa kimebanwa kwa sindano ya mkono ili kifuate vipimo vyangu, mishono imeyumba, mishono ambayo mama angetuchapa kwa ajili yake tukiwa na miaka tisa. Nikasema, basi, amekwenda dukani, amenunua, ametoa lebo, amenidanganya siku ya arusi yangu.

Halafu nikafika kwenye kola.

Mishono mitatu nyuma, miwili mbele, uzi unaingizwa ndani haukatwi. Kama mama alivyotufundisha, na kama hakuna mtu mwingine anavyofanya duniani. Kola ilisimama yenyewe, hata nilipolitundika gauni. Nilikaa chini nikaitazama. Sikuelewa kitu.

Asubuhi ya arusi mama aliomba alishike. Nikajua kiuno kitakusema. Lakini mama alianza shingoni. Alipapasa kola mara moja tu, akaishika kwa vidole vyake kumi, akasema, “Huu ni mkono wa mwanangu.” Akaanza kulia, hakushika kwingine.

Basi siku nzima ikawa hivyo. “Dada yako anajua!” “Kola gani hiyo!” “Anarudi lini?” Hata shemeji zangu, watu wanaosifu kitu mara moja kwa mwaka. Nikasimama hapo, bibi arusi, siku yangu mwenyewe, nimejaa wivu mpaka kooni kwa ajili ya gauni ambalo hata hukulishona.

Mama sijamwambia. Nilimeza. Na kwa kuwa tumefika hapa, acha na mimi niseme langu. Barua yako ya Februari niliipata siku ya tatu. Mwezi mzima niliiweka chini ya mashine. Posta haikuchelewa hata kidogo, na mume wangu amenuna kusikia naisingizia.

Sasa sema wewe. Kwa nini kola tu?

Sindano


15 Septemba

Sindano wangu,

Nimeanza barua hii mara nne. Salamu utanisamehe.

Sijawahi kushona gauni la bibi arusi. Hiyo ni hadithi niliyomwandikia mama mwaka wa kwanza, kwa sababu alikuwa ameniuliza nashona nini, nikaona haya kumjibu. Kiwandani hakuna anayeshona nguo nzima. Tumepangwa mistari, huyu mikono, yule mifuko, mwingine vifungo, nguo inapita mbele yako inakwenda kwa mwenzako. Siku niliyoingia msimamizi alitazama nilivyofunga uzi akasema, “Wewe, kola.” Nimekuwa kola tangu siku ile. Za mashati, za sare za shule, za magauni. Mia tatu kwa siku. Nguo ikimalizika simwoni hata anayeivaa.

Vipimo vyako vilipofika nilifurahi kweli. Nilinunua kitambaa kizuri, Jumapili nikakitandaza sakafuni, nikashika mkasi. Mdogo wangu, sikujua nianzie wapi. Nilikata, mbele ikatoka fupi kuliko nyuma. Nikanunua kingine, nikakata, kwapa likaja mahali pa kifua. Nilikaa katikati ya vile vitambaa nikacheka, halafu sikucheka tena. Mimi, ambaye nilikuwa nikikata suruali kwa kumtazama tu mtu akipita barabarani.

Basi nikaenda duka lililo mbele ya kiwanda wanakouza nguo zetu. Nikapapasa magauni kwenye henga mpaka nikapata lenye kola yangu. Nilitaka angalau kuwe na kitu changu shingoni kwako siku hiyo.

Sikunyimwa ruhusa. Sikuomba. Niliogopa mama ataniwekea kitambaa mkononi mbele ya watu.

Unasema nitakugeuza msaidizi wa kukata nyuzi. Ungejua. Wewe unapima mtu, unakata, unashona, unamvika, unamwona anatoka mlangoni. Nakuonea wivu kila kitu, mpaka suruali ya mwalimu mkuu. Nilitaka kile kiti kwa sababu nilidhani nikikalia mahali nilipojifunzia, mikono itakumbuka. Lakini umesema hutaki, na nimekuelewa. Mwambie mama kazi imezidi. Irudishe cherehani yako dirishani, mwanga ni wako.

Dada


3 Oktoba

Shikamoo dada,

Sisi wazima. Mama ana kikohozi kidogo, anakunywa asali.

Nilipopata barua yako nilifurahi, na afadhali ujue. Nilifurahi siku moja nzima. Nilishona nikiimba, nikairudisha cherehani yangu dirishani kwa nyonga yangu mwenyewe. Nikasema, kumbe! Kumbe sifa zote zile ni za kola! Mama akauliza kuna nini, nikamwambia hakuna.

Kesho yake nikasema, basi na kola nitaijua. Nitabakisha nini? Nikalitoa gauni kabatini, nikaifumua kola nione umeifanyaje mpaka ikasimama. Niliifumua polepole, mshono kwa mshono, nikaandika kila kitu kwenye daftari. Kisha nikairudishia.

Ikalala.

Nikaifumua, nikairudishia, ikapinda kushoto. Mara ya tatu ikajikunja kama sikio la mbwa. Mara ya nne mume wangu aliingia, akanikuta nimekaa sakafuni na gauni mapajani, akaniuliza nani amekufa. Nimekishona kila kitu katika mji huu, dada, mpaka pazia la ofisi yao, na kola ya gauni langu mwenyewe imenishinda. Nakuchukia kidogo hapo. Itapita.

Sasa sikiliza. Kiti cha dirishani ni changu, sikitoi, na mama nimemwambia hivyo usoni. Akasema, “Haya, ulikuwa unangoja nini kusema?” Kwa hiyo nimesogeza cherehani ya pili ije upande wangu wa kulia, mwanga unafika hapo mpaka saa tisa. Kukata nitakufundisha mimi, mama akiwa amelala mchana, mlango umefungwa, na ole wako unicheleweshe. Kola zote za nyumba hii utashona wewe. Watu wakisifu nitanuna, unizoee.

Hayo yote unaweza kuyafikiria taratibu. Lakini kuna jambo halisubiri. Leo asubuhi mama ameomba gauni langu. Anataka kuishika kola, anasema vidole vimeikumbuka. Nimemwambia liko kwa dobi.

Dada, mji huu hauna dobi, na mama anajua.

Panda gari la Ijumaa.

Sindano